Figo Lenye Kinyongo

Tuanze na sifa, maana sifa ndizo zilizomponza. Kuanzia Chimala kushuka mpaka kule bondeni Usangu, ambako maji ya masika yanalala miezi na miezi, ukimtaja Ng'washi mke wa Budeba utaambiwa: ah, yule mama aliyempa mdogo wake figo. Wanaume walikuwa wakimwamkia kofia mkononi. Wanawake kisimani walimpisha achote kwanza, eti mwenye figo moja asisubirishwe. Upuuzi mtupu, lakini ndivyo binadamu tulivyo, tukishampa mtu sifa hatumuulizi kama inamtosha au inambana.

Ng'washi ilimbana. Kila alipopishwa kisimani roho ilimsuta, kwa sababu alijua jambo ambalo wale hawakulijua. Kuna kutoa na kuna kutolewa, ndugu yangu, na yeye alitolewa.

Alipokuwa msichana huko kwao Shinyanga, Ng'washi alitaka shule kuliko alivyotaka chakula. Alikuwa akisimama nje ya dirisha la darasa na kuitikia pamoja na waliokuwa ndani. Baba yake, mzee Ndalahwa, akamwoza kwa Budeba, na ng'ombe wa mahari wakauzwa mmoja mmoja kumsomesha Shija, mdogo wake, ambaye Ng'washi mwenyewe alimlea mgongoni mpaka mgongo ukazoea. Shija akasoma, akawa mwalimu, akapangiwa Iringa, akaoa huko huko Kihesa mwanamke wa Kihehe, Paskalina, Mkatoliki mpole asiyeachana na rozari. Baadaye Budeba naye akahama na mifugo yake kufuata majani, akaja kuangukia Usangu, na hivyo dada na mdogo wake wakajikuta tena wako jirani, mwendo wa basi wa kutwa moja. Hawajakaa sana, mafigo ya Shija yakafa, yote mawili.

Serikali ikakubali kumpeleka Ulaya. Hiyo ilikuwa mwaka sabini na tano. Likahitajika figo la ndugu, damu zikapimwa, ya Ng'washi ikaonekana ndiyo inayolingana. Wazee wa ukoo wakakaa, wakala nyama, wakashauriana, halafu wakamwita na kumtajia siku ya safari. Kumuuliza? Nani alimuuliza? Aliitika ndiyo kwa mdomo, na moyoni akasema neno moja: kwanza ng'ombe zangu, sasa nyama yangu. Akapanda ndege na neno hilo, akapasuliwa nalo, akarudi nalo Usangu likiwa zima kabisa.

Usije ukadhani hakumpenda Shija. Alimpenda, na hapo ndipo penye shida. Mtu usiyempenda ukimwekea kinyongo unalala usingizi wako vizuri.

Sasa kulikuwa na maneno ya daktari. Kabla hawajaondoka Dar es Salaam, daktari mmoja aliwakalisha chini akawaeleza kwa Kiswahili chepesi kwamba mwili wa Shija utajaribu kulikataa lile figo. Mwili unakijua kitu cha mtu mwingine, alisema, unagombana nacho, na unaweza kukikataa hata baada ya miaka. Ndiyo maana Shija atameza vidonge maisha yake yote, vya kuutuliza mwili usigombane. Shija alisikia vidonge. Ng'washi alisikia kukataa na kugombana, na maneno hayo yalikuwa na maana yake kwao tangu zamani kabla ya daktari yeyote.

Kwao kitu kilichotolewa kwa kinyongo hakikai. Mpe mtu ndama huku moyo unanung'unika, uone kama yule ndama atanenepa. Na dawa yake wanayo. Mwenye kinyongo anaamka alfajiri, anasimama kwenye mlango wa zizi la kwake, na yule aliyepewa anakaa mbele yake, wenye nyumba wakiwa wanasikia. Anakitaja kinyongo chake kwa sauti, chote, bila kukivisha nguo. Kisha anajaza maji mdomoni na kuyapuliza, na kinyongo kinaondoka nayo. Asipokitaja, amepuliza maji tu, ni sawa na mtu aliyesukutua.

Ng'washi aliyajua hayo yote, na miaka ikapita hajaamka alfajiri yoyote. Shija alikuwa mzima, anafundisha, anaongezeka mwili. Kwa nini achokoze lililolala?

Halafu masika ya mwaka sabini na nane yakaja na mvua ya kupindukia, bonde likajaa maji, mbu wakawa wengi mpaka ng'ombe wanatikisa masikio usiku kucha. Katikati ya mvua hizo dereva wa lori la mchele akaleta ujumbe wa Paskalina. Shija alivimba miguu, akaenda Dar kupimwa, wakamwambia mwili umeanza kulikataa figo. Wamemwongezea vidonge, sasa hivi anaendelea vizuri, wifi asiwe na wasiwasi.

Asiwe na wasiwasi! Ng'washi alikaa chini palepale mlangoni, unga mkononi. Umeanza kulikataa. Alijua ni nani aliyelifundisha lile figo kukataliwa. Akamwambia dereva, huku lori likiunguruma, kwamba amfikishie Shija salamu, aje Usangu haraka, kuna jambo la kwao la kutengeneza.

Jibu la Shija lilikuja na dereva huyohuyo, na lilikuwa jibu la mtu mwenye akili. Alisema anatamani kuja ila amekatazwa. Vile vidonge, hasa sasa vilivyoongezwa, vinaushusha mwili nguvu ya kupigana na maradhi. Homa ambayo mtu mwingine anaiugua akiwa anapalilia, yeye inaweza kumlaza chini moja kwa moja. Daktari alimwambia masika asikanyage mahali penye maji na mbu. Basi dada apande basi wakutane Mbalizi, kwa mwalimu mwenzake, kuna baridi, mbu hakuna, na mengine watayatengeneza hukohuko.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungepanda basi. Lakini zizi la Budeba halikuwa Mbalizi, na jambo hili hutengenezwa zizini. Na kulikuwa na kitu kingine, tuseme ukweli: Ng'washi aliumia kuambiwa siji. Tangu wazaliwe, huyu aliletewa na yule akabeba. Mara hii moja tu alitaka afuatwe yeye. Akamjibu dereva maneno ambayo angetoa figo la pili ayarudishe: "Mwambie kama ananikataa mimi dada yake, aseme."

Sasa we mtu una figo la dada yako tumboni, unaambiwa hivyo, utarukia wapi? Shija akaja.

Alishuka Chimala akiwa na mkoba mmoja na chandarua kimefungwa kwenye gazeti, amevaa shati la mikono mirefu lililofungwa hadi shingoni na soksi nene katika joto la bonde lile, na watoto wa Ng'washi walimcheka mjomba wao mpaka wakaumwa mbavu. Naye akacheka nao. Alikuwa na uso wa mviringo kwa sababu ya vidonge, na sauti ileile ya kimwalimu ambayo hata akiomba chumvi unajisikia umefaulu mtihani. Ng'washi alipomkumbatia alihisi upande wake wa kushoto, penye kovu, ukivuta.

Budeba alichinja mbuzi, na jioni wanaume wakakaa shikome, moto wa samadi mbele ya zizi ambapo Wasukuma huzungumza mpaka usiku. Moshi wa samadi unakera macho, lakini mbu unawakera zaidi, wanakimbia. Wenyeji wote hukaa humo ndani ya moshi wakikohoa kwa raha zao. Ila mgeni hakai kwenye moshi. Ni utovu wa adabu kumkalisha mgeni mahali atakapotokwa na machozi. Shija, ambaye hakuwa mjinga, alivuta kiti chake kwenye moshi mwenyewe. Ng'washi alipoleta ugali akamkuta anafikicha macho, mwalimu mzima na mgonjwa, akaona aibu kwa ajili ya nyumba yake. Akakibeba kile kiti kwa mikono yake akakiweka upande penye hewa safi, karibu na nyasi.

Shija akamwambia taratibu kwamba pale alipokuwa palimfaa. Ng'washi akamjibu asimtie aibu mbele za watu. Akakaa, kwani angefanyaje.

Alfajiri wakasimama kwenye mlango wa zizi: Budeba, watoto wakubwa, majirani wawili watatu waliosikia kuna jambo, maana kijijini jambo halifichiki. Shija alikaa kwenye kigoda. Ng'washi alishika kibuyu cha maji, akafungua mdomo, akamwona Budeba anamtazama kwa ile fahari ya mume wa mwanamke mwenye sifa, akawaona majirani wanaompisha kisimani, akamwona mdogo wake ameinamisha kichwa kama mtoto anayenyolewa. Akasema, "Kama kuna kinyongo, kiondoke," akapuliza maji.

Kama kuna! Anayekijua kinyongo chake akisema kama kuna, huyo anamdanganya nani? Majirani walishangilia. Ng'washi aliingia ndani akalia kwenye kanga, akamwambia Shija asiondoke leo, akae kidogo, mambo hayajaisha. Shija alitazama mawingu, akatazama maji yanayometameta hadi kwenye mashina ya mpunga, akasema sawa dada.

Kesho yake ikawa vilevile, na siku iliyofuata hivyohivyo. Kila asubuhi alijipiga moyo konde, na kila asubuhi Budeba alikuwepo, majirani wakawepo, na maneno yakabaki mdomoni pamoja na maji. Na kila jioni mgeni alikaa penye hewa safi. Usiku alilala ndani ya chandarua chake, lakini mbu wa jioni hangoji mtu atandike. Ng'washi aliona anavyojipiga shingoni na vifundoni. Aliona kwa macho yake. Alijisemea kwamba mbu huleta malaria, na malaria ina klorokwini, na kwenye mkoba wa Shija klorokwini zilikuwepo na alizimeza mwenyewe mbele yake. Hakuna mtu Usangu aliyewahi kusikia kwamba mbu hubeba mzigo mwingine.

Siku ya kuondoka alimsindikiza mpaka barabarani. Wakiwa wanangojea basi, wawili peke yao, Shija alimgeukia.

"Dada, kama kuna neno, niambie mimi. Siyo lazima zizini. Niambie hapa."

Nafasi alikabidhiwa mkononi. Hapakuwa na Budeba wala majirani, kulikuwa na barabara ya lami na mdogo wake. Ng'washi akamtazama, akasema hakuna neno. Basi likaja.

Siku chache baadaye watoto wa Ng'washi waliugua homa, mmoja baada ya mwingine, homa ya macho kuuma na mwili kuchoka, ikawaachia bila dawa. Yeye mwenyewe ilimshika, akaenda nayo shambani, ikaishia shambani. Hakuna aliyeihesabu. Kisha yule dereva wa lori akaja, na safari hii alizima injini kabla ya kusema. Shija amelazwa Tosamaganga. Alianza na homa, Paskalina akampa dawa ya malaria, homa ikakataa kushuka. Sasa anaweweseka, mikono inamtetemeka, na jana alimwita mkewe kwa jina la mwanafunzi wake.

Ng'washi alipanda basi la Makambako, akaunganisha la Iringa, na safari nzima alikuwa anajiuliza jambo moja: akiulizwa, atasema? Majuto ni mjukuu, wanasema, huja kinyume. Yake hayakungoja wajukuu.

Alimkuta Shija amefungwa shuka kitandani asije akaanguka, macho yamefunguka na hayaangalii kitu. Pembeni ya kitanda palining'inia chupa ya mkojo. Paskalina alikuwa amekaa na rozari yake, amekonda kwa siku hizo chache, akainuka akamkumbatia wifi yake kwa nguvu, na kumshukuru kwa kuja. Kumshukuru! Ng'washi alitamani ardhi ipasuke.

Daktari alikuwa kijana, anaitwa Liberatus, mwenye tabia ya kuvua miwani anaposema jambo zito. Alikuwa amemtoboa Shija uti wa mgongo akatoa maji, akayapima, na malaria hakuiona, wala usaha. Aliwauliza mgonjwa alikuwa wapi kabla ya kuugua. Paskalina akajibu alikuwa Usangu kwa dada yake, aliitwa. Daktari akamgeukia Ng'washi: je, huko kwenu kuna watu waliougua homa wakati ule?

Angeweza kusema hapana. Nani angejua? Aliutazama mdomo wa mdogo wake uliokauka, akasema ndiyo, watoto wangu, na mimi, ilitushika kidogo ikapita.

Liberatus akavua miwani. Alisema kuna homa za mbu ambazo si malaria. Ni vijidudu vidogo mno, na dawa yake haijapatikana duniani, si hapa wala Ulaya. Mtu mwenye afya mwili wake unapigana navyo, anaumwa kichwa, anapona, hajui hata kama aliugua kitu. Lakini mwalimu huyu askari wa mwili wake wamelazwa usingizi na vidonge, ili wasilishambulie figo. Wale wadudu walikuta boma halina mlinzi, wakapanda mpaka kwenye ubongo. Kwa ng'ombe yule aliyelindwa na kwa ndama aliyeachwa wazi, fisi ni yuleyule.

Halafu akawaeleza njia iliyobaki, na hakuipamba. Wanaweza kupunguza vile vidonge sana, askari waamke wapigane. Lakini askari wakiamka hawachagui, wanaweza kuligeukia figo nalo. Likikataliwa, hapa Iringa hakuna mashine ya kusafisha damu, na mwalimu hatafika mbali. Wasipopunguza, ubongo ndio utakaokwisha. Alisema yeye angepunguza, lakini hataki kufanya hivyo bila wenyewe.

Paskalina aliiweka rozari mapajani. Kisha akamgeukia Ng'washi.

"Figo ni lako, wifi. Sema wewe."

Hebu fikiria hapo. Miaka yote mwanamke huyu aliogopa jambo moja, figo lake lisikataliwe, na kwa hofu hiyo alimwita mtu kwenye mbu. Leo anaombwa aufungulie mlango ukataaji wenyewe. Na mbele yake anayeomba ni mtu ambaye hajui kwamba Shija alibakishwa kwenye mbu kwa ajili ya neno lisilosemwa. Ng'washi alisema, "Punguzeni. Likikataliwa, likataliwe."

Paskalina akaanza kulia, akamshika mkono, akasema hajaona mwanamke mwenye moyo kama wa kwake. Sifa nyingine hiyo, juu ya zile za Usangu. Ng'washi aliipokea, na ilimuuma kupita lile kovu.

Alikaa kwenye sakafu ya ile wodi siku zote zilizofuata akiitazama chupa ya mkojo. Alijua sasa kwamba maadamu mkojo unashuka figo liko hai, basi macho yake hayakubanduka pale. Alisahau kula. Ukipungua kidogo alishika tumbo lake mwenyewe. Aliliongelesha lile figo kimoyomoyo kwa Kisukuma, alilibembeleza, akaliambia hana neno nalo tena, likae hapo, ni nyumbani. Labda lilisikia, labda ni bahati ya damu zilizolingana, Liberatus mwenyewe alisema hajui. Mkojo uliendelea kushuka. Homa nayo ikaanza kushuka, mikono ikatulia, na asubuhi moja Shija akaomba uji.

Ng'washi alicheka kwa sauti mpaka muuguzi akamwonya. Alimsogelea mdogo wake na bakuli, akamnywesha kijiko kwa kijiko, naye akanywa wote. Alipomaliza akajifuta mdomo, akamtazama kwa upole, akasema ahsante sana, mama, akamuuliza Paskalina huyu mama ni mgonjwa wa wodi gani.

Walidhani ni uchovu. Liberatus naye alisema wangoje, ubongo uliovimba hauna haraka. Wakangoja. Shija akasimama, akatembea, akaruhusiwa kurudi Kihesa. Figo lilipimwa, likakutwa linafanya kazi vizuri kuliko kabla ya masika. Kusoma alisoma, hesabu alizifanya kichwani, nyimbo za shule aliziimba. Lakini miaka ilikuwa imefutika. Shule aliyofundisha hakuijua. Ulaya hakukumbuka amekwenda, na lile kovu tumboni aliliuliza kila siku ni la nini. Shija alimkubali Paskalina kwa kuwa alikuwepo kila alipofungua macho, akajifunza kumwita mke wangu, kwa heshima, mithili ya mtu aliyekaribishwa nyumba ya watu. Kumbukumbu zake zilikomea Shinyanga, utotoni.

Ng'washi alikaa nao Kihesa miezi. Budeba alituma salamu arudi, hakurudi. Alichota maji, alifua, alichanja kuni, alifanya kazi za ndani hadi Paskalina akaona haya. Hakuwa anasaidia, alikuwa anajiadhibu, na adhabu ya kujichagulia siku zote huwa nyepesi. Ile iliyokuwa nzito aliijua. Sasa alikuwa tayari kulisema neno lake, zizini, sokoni, kanisani, popote, mbele ya yeyote. Ila aliyetakiwa kulisikia hakuwepo.

Hata hivyo akalisema. Ilikuwa asubuhi ya jua, baridi ya Iringa inauma miguu, na Shija amekaa uani kwenye jua akimenya maharage, kazi aliyoipenda. Paskalina alikuwa amekwenda misa. Ng'washi aliketi mbele yake kwenye mkeka, na safari hii hakukivisha nguo.

Alimwambia kwamba alikuwa na mdogo wake wa kiume. Alimlea mgongoni, na baba yao akauza ng'ombe wa mahari yake kumsomesha, naye akamwonea wivu. Baadaye mdogo wake akaugua, akaambiwa amtolee figo, akalitoa kwa kinyongo. Akaona aibu ya kusema, ndipo akamwita mahali penye mbu akijua amekatazwa, akamtishia kwa figo lile lile ili aje, akambakisha siku juu ya siku kwa sababu mdomo wake ulikuwa mwoga. Hata alipoombwa aseme, barabarani, wakiwa wawili tu, alikataa. Alimwambia yote. Alisema, "Mimi ndiye niliyemharibu. Nataka anisamehe."

Shija aliacha kumenya. Alimsikiliza jinsi alivyokuwa akiwasikiliza wanafunzi wakosaji, kichwa pembeni, bila kumkatiza.

"Pole sana, mama," alisema. "Mimi nina dada yangu huko kwetu Shinyanga, anaitwa Ng'washi. Yule akiwa na neno haliwezi kulala naye, analisema papo hapo, tunagombana, tunakula. Na wewe nenda ukamwambie mdogo wako. Usimwambie mtu baki kama mimi, mimi siwezi kukusamehea."

Ng'washi alitaka kusema jina lake. Alikuwa amelisema mara nyingi miezi ile, na kila mara Shija alicheka kwa adabu, kwa kuwa Ng'washi wake alikuwa msichana mdogo asiye na mvi. Akasema atakwenda.

"Anakaa mbali?" Shija akamuuliza.

"Mbali," alisema Ng'washi. Shija akamsogezea ungo, wakamenya maharage pamoja mpaka Paskalina aliporudi.